Mke wangu amekatwa ziwa, yuko kwenye dripu na ananifungia mlango wa bafuni. Waliopitia haya nisaidieni

FundiFriji_Mbagala

Wakuu habarini. Mimi huwa napita tu kusoma humu sijawahi kuanzisha uzi, ila leo ni saa saba usiku nimekaa nje kwenye ngazi usingizi umegoma nikasema acha niandike, ikiwa ndefu mnivumilie.

Ni fundi friji na AC, nakaa Mbagala na waifu na watoto wawili, mkubwa yuko darasa la 4 na mdogo ana miaka mitatu. Mwaka jana waifu alikuwa bado ananyonyesha huyu mdogo akaniambia kuna kitu kigumu ziwa la kushoto kama punje ya kunde. Tukaenda zahanati moja ya mtaani wakasema maziwa yameganda, akapewa antibayotiki na tukaambiwa tukande na maji ya moto. Tukakanda miezi mitano. Nasema tukakanda kwa sababu mimi ndiye nilikuwa nachemsha maji. Kile kitu kikafika ukubwa wa limau na ngozi ya juu ikaanza kuwa na vishimo kama ganda la chungwa, sasa siku hiyo nilikuwa namfungia AC mteja mmoja ambaye ni daktari, katika kupiga stori nikamsimulia, yule mama akaweka kikombe cha chai chini akaniambia kesho asubuhi mpeleke usingoje. Wakachukua kinyama wakapeleka maabara, majibu yakarudi kansa hatua ya 3.

Wakaanza na dripu nne za ile dawa nyekundu ya kuua kansa ili uvimbe upungue, nywele zote zikaondoka, kisha akakatwa ziwa lote pamoja na tezi za kwapani. Sasa ni wiki ya saba tangu upasuaji, ameanza dripu za aina nyingine, zimebaki tatu halafu anaenda kwenye mionzi Ocean Road, ile hospitali ya kansa.

Mambo ya kukimbia nayaweza. Foleni naijua, faili najua liko dirisha gani, nauli nikikosa nakopa kwa washkaji. Ninachoshindwa ni humu ndani. Waifu anaoga na mlango umefungwa kwa komeo na taa imezimwa, analala na kanga imefungwa mpaka shingoni, na toka atoke wodini amehamia kitanda cha watoto. Wiki mbili za mwanzo alikuwa na ule mrija wa dreni unaotoa majimaji ya kidonda, mimi ndiye nilikuwa namwaga chupa na kuandika mililita kwenye daftari la shule la mtoto, asubuhi 80, jioni 60, mpaka ikafika 20 wakautoa. Chupa nimeishika kila siku lakini kidonda chenyewe sijawahi kukiona hata mara moja, anageukia ukutani.

Nikimuuliza vipi anasema niko poa. Juzi nikamwambia mbona kwangu bado ni mzuri vile vile, akaniangalia akasema "umejuaje na hujaona?" Nikakosa jibu wakuu. Nikatoka nikaenda kufungua compressor ya friji ambayo wala haikuwa na tatizo.

Halafu kuna bi mkubwa wangu kaja toka Ifakara na unga wa majani ya mstafeli kwenye kopo la maziwa, anasema dripu ndizo zinazomaliza watu, na anayasema sebuleni majirani wakiwepo na waifu anasikia yuko chumbani. Nikimkataza mama yangu naonekana nimetawaliwa, nikinyamaza waifu anaona nakubali.

Na la mwisho, naona aibu ila humu hatujuani. Tendo la ndoa ni mwezi wa tano sasa hakuna. Sio kwamba nadai. Nahofia nikikaa mbali ataona namkimbia, nikisogea ataona sina huruma. Waliopitia, mlikaaje na wenzenu?

Msukuma_wa_Mabatini

Pole sana mkuu, na kabla ya yote, hayo maji ya moto uliyochemsha usiyabebe kichwani, uliambiwa na mtu aliyevaa koti jeupe ukafanya.

Mimi waifu alitibiwa hospitali ya Bugando huku Mwanza 2019 na yupo, sasa hivi navyoandika ananigombeza nimeacha taa ya jikoni. Nikupe kosa langu ili usilirudie. Dripu ya pili, kama siku ya tisa hivi, usiku akawa anatetemeka na mwili wa moto. Nikampa Panadol, homa ikashuka, nikasema tutaenda kukikucha maana ni saa nane na bodaboda wa usiku nilikuwa nawaogopa. Kulipokucha alikuwa hawezi kusimama. Dokta alinisema mpaka nikatamani ardhi ipasuke. Kumbe zile dawa zinashusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maradhi, hasa kuanzia kama siku ya 7 mpaka ya 14 baada ya dripu, na mtu asiye na chembe nyeupe homa kwake sio malaria ya kusubiri asubuhi. Panadol inaficha homa tu, ugonjwa uko pale pale unaendelea. Nunua kipimajoto, kile cha digito cha kuweka kwapani hakina bei, ikisoma 38 kwenda juu mnaondoka saa hiyo hiyo hata iwe usiku wa manane, na ukifika useme neno la kwanza kabisa "huyu yuko kwenye dripu za kansa" maana usiposema hivyo utapangwa foleni na wenye mafua. Namba ya bodaboda mmoja unayemwamini weka pembeni na umwambie mapema kwamba naweza kukuita saa tisa.

Lingine, vile vidonge vya kuzuia kutapika vingine vina steroidi, siku mbili za mwanzo mtu halali, anaongea sana, anaanza kupanga vyombo usiku, halafu vikiisha anaanguka kama gunia na analia bila sababu. Mimi nilidhani ananichukia. Nilipoanza kuandika siku kwenye kalenda ya ukutani nikaona inajirudia vile vile kila dripu, siku ya tatu kilio, siku ya sita anaomba ugali. Basi siku ya tatu nikawa siulizi kitu, nakaa tu.

Na harufu. Wa kwangu alikuwa hawezi harufu ya dagaa kabisa, sasa fikiria Mwanza utakwepa wapi dagaa. Nilimhamishia jiko kwa jirani miezi mitatu.

Jembe_Halisi

Mkuu usimdharau bi mkubwa. Mstafeli unatibu, kuna shangazi ya rafiki yangu alikunywa wiki sita uvimbe ukayeyuka. Hospitali hawawezi kukwambia maana biashara yao itakufa.

Mtoto_wa_Town

Ila tuambiane ukweli, miezi mitano mwanaume mzima unalala na kanga? Tafuta pa kupumzikia kichwa, mgonjwa auguzwe na ndugu zake.

MamaCherehani_Tanga

Wewe Mtoto wa Town siku ikikukuta prosteti uje uandike hapa nani apumzikie wapi. Tuendelee.

Mdogo wangu fundi, mimi ni mkeo. Yaani nimekatwa la kulia 2016, nilikuwa na miaka 41, na nilikuwa nazima taa bafuni kama yeye. Acha nikwambie kule ndani mtu anafanya nini. Hajifichi wewe. Ile taa nilikuwa nazima nisijione mimi. Maji yakipita pale kwenye kovu unahisi kama yanapita juu ya mwili wa mtu mwingine, pamekufa ganzi, halafu hapo hapo unawashwa mahali ambapo hapapo. Ukimwambia mtu wanasema una mapepo. Kwa hiyo mlango achana nao. Usiugonge, usikae nje unauliza umemaliza. Ila hilo komeo ndilo silitaki, kwa sababu anaweza kupata kizunguzungu akaanguka mle na wewe uko nje, mwambie hivyo hivyo kifundi, "funga mlango lakini komeo liache, sitaingia mpaka uniite," na kweli usiingie.

Na lile neno la "bado mzuri" mdogo wangu tulia nalo. Mume wangu naye alianza na hayo. Mtu umepoteza ziwa, kichwa hakina unywele, kucha zimekuwa nyeusi, anakuja mtu anakwambia hakuna kilichobadilika, unamuona ama muongo ama kipofu. Siku moja alichoka akasema "mimi nasikia vibaya kwamba limekatwa, nililizoea." Dah. Nililia siku hiyo lakini ndiyo siku tuliyoanza kuongea.

Sasa mume wangu ni fundi cherehani, hajui kuongea, anajua kushona. Mimi nilikuwa najaza matambara kwenye sidiria natembea hivyo, nikiinama kwenye daladala yanapanda mpaka kwenye kidevu, siku moja kondakta kaniona nikatamani nishuke baharini. Yeye akaona. Hakusema kitu, akakata kitambaa cha pamba laini akashona kifuko cha duara, akajaza pamba. Nikavaa, kikawa chepesi kinapanda vile vile. Akakifumua akaweka mtama. Mtama una uzito, unatulia, unafuata mwili unapoinama, na ukikaa unalala kidogo kama ziwa lenyewe. Akashonea mfuko kwa ndani ya sidiria ili kisitoke. Tulishona kama vinne, cha kwanza kilikuwa kikubwa nikawa kama nimebeba tikiti. Tulikuwa tunacheka mpaka watoto wanaamka. Na kupima kwenyewe ndiko alikoniona kwa mara ya kwanza, fundi hawezi kupima kwa macho yaliyofumba, mwenyewe aliniambia hivyo. Akaweka tepu, akaandika namba kwa chaki kwenye meza kama anavyoandika vipimo vya wateja. Hakusema pole.

Ya mtama ngoja kidonda kikauke kabisa na daktari aseme sawa, na mionzi ikianza ngozi itakuwa kama imeungua na jua, hapo chochote kinachosugua hapana, wakati huo ni kanga tupu au fulana kubwa ya pamba.

Kuhusu kitandani sikudanganyi, ilichukua muda na sikuvua fulana mwaka mzima. Tulianza na kulala chumba kimoja tu, yeye upande wa mkono mzima. Usimwombe arudi kwa ajili ya tendo, mwombe arudi kwa sababu wewe hulali. Si umesema usingizi umegoma? Basi hiyo ndiyo kweli yako, mwambie.

SistaMstaafu

Nimefanya kazi wodi za upasuaji miaka mingi, nisiongeze sana maana wenzangu wamesema, ila kuna vitu vimeachwa.

Jembe Halisi, majani ya mstafeli ndani ya chupa ya maabara yanaweza kuua seli, hata jiki inaua seli. Kwa binadamu hakuna aliyeonyesha kwamba yanaponya kansa. Ninachokijua ni kwamba huko visiwa vya Karibi, Guadeloupe, watu waliokuwa wakitumia sana mmea huo wamehusishwa na ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaofanana na Parkinson. Na mgonjwa wa huyu bwana yuko kwenye dripu ambazo kama ni zile ninazozidhani zenyewe tu zinatia ganzi vidoleni na kwenye nyayo, sasa ukaongeze mengine juu? Tunda la stafeli lenyewe ale akitamani, unga wa majani usimpe. Fundi, mama yako usibishane naye sebuleni. Siku ya kliniki ondoka naye, abebe kopo lake, amuulize daktari kwa mdomo wake mwenyewe. Wazee wengi nimewaona wanarudi wakiwa walinzi wa dawa kuliko mgonjwa. Na mpe kazi, mwenye kazi haongei na majirani. Awe mpishi wa uji, na maji ya kusukutua, glasi ya maji yaliyochemshwa yakapoa, chumvi nusu kijiko cha chai na bekingi soda nusu, mara nne kwa siku vidonda vya mdomoni visimshike.

Mkono wa kushoto. Kwa kuwa wametoa tezi za kwapani, mkono ule maji yake hayana njia nzuri ya kurudi, unaweza kuvimba hata baada ya miaka. Kwa hiyo presha apimwe kulia, damu atolewe kulia, na mseme kila mnapokwenda msingoje kuulizwa. Ndoo ya maji kwa mkono ule hapana, kufua mablanketi hapana, akikatwa na kisu au akiungua paoshwe mara moja na pakiwa pekundu aje hospitali. Lakini asiulaze kama umekufa. Hapo ndipo waume mnakosea, mnawahurumia mpaka bega linaganda, na akifika kwenye mionzi anatakiwa alale mkono ukiwa juu ya kichwa asitikisike, bega likiwa limeganda hawezi. Zoezi ni rahisi: asimame aangalie ukuta, atembeze vidole kupanda juu taratibu kama buibui mpaka pale panapovuta, apumzike, ashuke. Wewe weka alama ya penseli alipofika. Mara mbili tatu kwa siku.

Hizo siku mbili baada ya dripu dawa inatoka na mkojo na matapishi, anayesafisha avae glovu, choo kimwagiwe maji mara mbili. Mkifika kwenye tendo tumieni kondomu mpaka daktari aseme vinginevyo, na asibebe mimba wakati huu, lakini vidonge vya majira na sindano zenye homoni asitumie, aulizie kitanzi kile cha kopa, yaani cha shaba kisicho na homoni. Na ulizeni majibu ya kipimo cha homoni cha kile kinyama yako wapi. Kama kinasoma chanya ataandikiwa vidonge, wengi wanapewa tamoxifen, kimoja kila siku miaka 5 na wengine mpaka 10. Hapo ndipo watu wanaacha, wanasema nimepona, na kile kijoto cha ghafla kinacholetwa na vidonge kinawachosha. Miaka mitano ni mirefu, wewe utakuwa kengele.

Kadi yake na karatasi zote piga picha weka kwenye simu. Mafaili yanapotea.

Msukuma_wa_Mabatini

Sista hiyo ya bega ni kweli tupu, waifu mionzi ilichelewa wiki mbili kwa sababu ya bega. Kila siku Jumatatu mpaka Ijumaa wiki kadhaa, fundi jiandae na nauli, ndiyo iliyonimaliza mimi kuliko dripu.

Na mwenyewe unakula? Unalala saa ngapi? Mimi nilisinzia juu ya pikipiki nikiwa naendesha, Mungu tu. Baada ya hapo dada yake waifu akawa anakuja kila Jumamosi nami nalala mchana mzima kama mtoto, sikuona aibu tena.

FundiFriji_Mbagala

Wakuu nimerudi, zimepita wiki tatu samahanini, tulikuwa na dripu nyingine katikati na mdogo akapata surua.

Kipimajoto nimenunua, kimesoma 37.9 mara moja nikakaa macho mpaka alfajiri nakipima upya kila nusu saa mpaka waifu akaninyang'anya akakiweka chini ya mto wake. Haikupanda.

Bi mkubwa nilimpeleka kliniki kama Sista alivyosema. Alikwenda na kopo. Daktari, kijana mdogo tu, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akamuuliza "mama, wewe huko kwenu ukipandikiza mpunga unamwaga dawa mbili tofauti siku moja kwenye jaruba?" Bi mkubwa akasema hapana utaua mche. Akasema basi. Kopo limerudi Ifakara na mwenyewe kasema atapanda mstafeli mwingine kwa ajili ya tunda. Sasa hivi kelele zake zimehamia kwenye kusukutua, anamfuata waifu na glasi mpaka chooni.

Penseli ndiyo habari kubwa. Sisi pale mlangoni pa sebule huwa tunaweka alama za urefu wa watoto kila Krismasi. Nikamwambia waifu aanze hapo hapo. Siku ya kwanza vidole viliishia chini ya alama ya mtoto wa darasa la 4, yule mtoto akafurahi sana akasema nimempita mama. Waifu akakasirika kabisa, kile kijihasira chake cha zamani ambacho sijakiona toka mwaka jana, akawa anafanya mara tano kwa siku mpaka nikawa namzuia. Jana amepita swichi ya taa. Kuweka alama lazima nisimame nyuma yake, mkono umeinuka, kanga inateleza, nimeona mwisho wa lile kovu upande wa kwapani, kama inchi mbili hivi. Limeshonwa vizuri. Nilitaka kusema kitu nikamkumbuka mume wa Mama Cherehani nikaandika tarehe tu ukutani.

Bafuni bado anazima taa. Komeo ameacha. Chumbani amerudi, ila kanga iko pale pale na mdogo analala katikati yetu ananipiga mateke.

Mama Cherehani, nimemsomea ulichoandika, chote, na ya kondakta. Akacheka halafu akalia halafu akaniuliza wewe ni wa Tanga sehemu gani, nikamwambia sijui. Leo nimerudi na mtama nusu kilo nikauweka mezani, akauliza unataka kufuga kuku? Nikamwambia wa kwako, kwa baadaye, mionzi ikiisha. Akaunyanyua ule mfuko, akaushika hivi kama anapima, akasema "huu mzito, unataka nipinde mgongo." Sasa swali, nyie mlijuaje uzito? Mlikuwa mnaweka kiasi gani?

MamaCherehani_Tanga

Nusu kilo! Mwambie shemeji yangu simlaumu. Mdogo wangu kila mtu na lake. Sisi tuliazima mizani ya kupimia unga wa keki kwa jirani, nikainama nikalilaza lile lililobaki juu ya sahani tukasoma. Langu lilikuja gramu 340, tukaweka mtama kama 300 maana kifuko nacho kina uzito wake. Akaoshe mtama kwanza aukaushe juani sawasawa, usipokauka utaota. Nakwambia kwa sababu wetu wa pili uliota.